Ugonjwa unaochagua kazi: kisa cha mrusha mkuki kutoka Usangu

Aliyeanza kuongea ni baba, na alianza akiwa amekasirika. "Daktari, huyu anapandikiza mpunga kutwa nzima, ameinama kwenye maji, hasemi kitu. Akipewa mkuki wa shule, mgongo. Sasa huo ni ugonjwa gani unaochagua kazi?"

Kijana alikaa pembeni, macho kwenye viatu. Miaka 16, kidato cha tatu, mrefu na mwembamba kama walivyo wanaorefuka haraka mpaka suruali ya sare inaishia juu ya kifundo. Mama hakuja. Walikuwa wametoka Mbarali, wilaya ya bonde la Usangu, alfajiri, wakasimamisha basi la TANZAM, barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na baba alishaniambia mara mbili kwamba siku nzima imepotea.

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, ila hapa Mbeya ukishavaa koti jeupe unaitwa hivyo na nilishaacha kusahihisha. Swali la mzee yule lilikuwa limebeba nusu ya jibu. Kuna maradhi ya mgongo yanayochagua kazi kweli, na ukiuliza yanachagua ipi na kuacha ipi, umeshayakaribia. Nimebadilisha mambo kadhaa ili kijana asitambulike, na mawili matatu nimeyachukua kwa mgonjwa mwingine aliyefanana naye.

Njia aliyopita

Maumivu yalianza Februari, shule zilipoanza kusaka wachezaji wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Hakuanguka wala hakugongwa. Baada ya mazoezi kiuno kilikuwa kinakaza upande wa kushoto, kesho yake kinaachia. Kufika Machi kikawa hakiachii. Akaenda zahanati, akapimwa mkojo, akaambiwa ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na kupewa vidonge vya siprofloksasini. Akapata nafuu, kwa sababu wiki hiyo hakurusha. Aliporudi uwanjani, maumivu nayo yakarudi. Safari ya pili akaambiwa ni figo. Safari ya tatu hakwenda zahanati tena, alikwenda duka la dawa akachomwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na kila baada ya sindano alirusha vizuri. Kwa sindano tatu hizo akafuzu ngazi ya wilaya. Katikati hapo kuna bibi wa jirani aliyemchua kwa mafuta ya moto kisha akamkanyaga kiuno, na usiku huo kijana akashindwa kulala chali.

Mwisho akapigwa eksirei. Majibu: mifupa iko sawa. Karatasi hiyo ndiyo iliyomponza. Tangu siku ile baba na mwalimu wa michezo walikuwa na ushahidi wa maandishi kwamba kijana anadeka.

Waliomtangulia siwalaumu sana. Ni kweli kwamba UTI siku hizi limekuwa jina la kila kinachouma kati ya mbavu na nyonga. Lakini mtoto anayeshinda kwenye maji ya majaruba ya mpunga ana haki ya kupimwa mkojo, kwa kuwa kichocho kipo, na mayai yake yakifika kwenye uti wa mgongo yanaweza kulegeza miguu na kuziba mkojo. Kosa lilikuwa kuendelea kutibu mkojo baada ya maumivu kuonyesha wazi kwamba yanafuata ratiba ya uwanja wa michezo.

Ufagio

Nilimpa ufagio wa mti mrefu nikamwambia anionyeshe anavyorusha. Chumba ni kifupi, akatembea hatua tatu tu. Mkono wa kulia ukabaki nyuma, mguu wa kushoto ukakita mbele, kiuno kikatangulia na kifua kikabaki nyuma, mwili mzima ukapinda kama upinde uliovutwa. Hapo hapo, kabla ya mkono kuja mbele, akasimama. Akashika mgongo kwa kidole gumba. Watu wengi wanaoumwa kiuno hushika kwa kiganja na kuzungusha, kana kwamba maumivu yameenea eneo lote. Huyu alibonyeza kwa ncha ya kidole, sehemu moja, kushoto kwa uti wa mgongo, pale mkanda wa suruali unapopita.

Nikamwomba ainame. Akainama mpaka vidole vikafika nusu ya muundi na kugota hapo. Kilichomzuia ni misuli ya nyuma ya mapaja iliyokaza kama kamba ya kuanikia nguo, na kiuno chenyewe hakikuuma. Nikamwomba ajipinde kinyumenyume. Akafika nusu, uso ukakunjamana. Kisha nikamsimamisha kwa mguu mmoja na kumwambia ajipinde tena: kwa mguu wa kulia kero kidogo, kwa mguu wa kushoto akaruka na kunishika bega.

Kipimo hicho cha mguu mmoja kinapendwa sana vyuoni na kina sifa kisiyoistahili. Wapo wenye ufa kwenye mfupa wa mgongo wasiosikia kitu, na wapo wasio na ufa wanaopiga kelele. Mimi nakitumia kama shahidi mmoja kati ya kadhaa. Nguvu ya miguu ilikuwa sawa, hisia sawa, magoti yaliitika nyundo. Haja ndogo na kubwa hazikuwa na shida. Hakuwa na homa, jasho la usiku wala kupungua uzito, na usiku alilala vizuri isipokuwa ule wa kukanyagwa. Niliuliza kama nyumbani kuna mtu anakohoa muda mrefu, na kama wanakunywa maziwa yasiyochemshwa. Usangu ina ng'ombe wengi. Kifua kikuu cha mifupa na brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, vyote hupenda kukaa mgongoni, na vyote huweza kumkuta kijana. Lakini hayo hayamwachi mtu kwa sababu ameinama kupandikiza.

Kwa nini jaruba linamwacha

Pingili za uti wa mgongo zimepandana, na kwa nyuma kila moja imeshikana na ya chini yake kwa viungo vidogo viwili, kulia na kushoto. Kati ya kiungo cha juu na cha chini cha pingili ile ile kuna daraja jembamba la mfupa. Mtu akiinama mbele, viungo hivyo hufunguka na daraja linapumua. Akijipinda nyuma, ncha ya pingili ya juu hushuka na kulibana daraja la pingili ya chini. Ukiongeza kuzungusha kiwiliwili, mzigo wote unaegemea upande mmoja. Pingili ya tano ya kiuno, iliyo ya mwisho juu ya nyonga, ndiyo inayoumia mara nyingi zaidi, ikifuatwa na ya nne.

Mrusha mkuki wa mkono wa kulia hukita mguu wa kushoto akiwa amejipinda na kujizungusha kwa pamoja, na pigo la mguu ule linapanda moja kwa moja. Mrushaji mpira wa kriketi, mpiga mpira wa wavu anayesmashi na mtoto wa sarakasi hupita njia hiyo hiyo kwa staili zao. Mfupa wa umri ule bado haujakomaa pale kwenye daraja. Unachubuka kidogo kila siku na kujikarabati kila usiku, mpaka siku ambazo machubuko yanauzidi ukarabati. Mkulima anaujua mchezo huu kwa mpini wa jembe: haukatiki kwa pigo moja, unaanza na kaufa kadogo kama uzi pale unapoingia kwenye chuma, na mwenye jembe anaendelea kulima.

Kwa hiyo kupandikiza mpunga kulikuwa kunampumzisha mahali penyewe panapouma. Nilimweleza baba hivyo, nikimwonyesha kwa ngumi zangu mbili. Alinitazama muda, kisha akamgeukia mwanawe: "Kumbe hukuwa unanidanganya." Kijana hakujibu.

Umri ulinisukuma pia. Huko Boston, Marekani, mwaka 1995 walilinganisha vijana wanamichezo 100 waliokuja na maumivu ya kiuno na watu wazima 100 wenye maumivu kama hayo. Kwa vijana, 47 walikuwa na tatizo hili la daraja. Kwa watu wazima walikuwa 5. Hao walikuwa watu wa kliniki ya michezo, huwezi kuichukua namba hiyo ukaibandika kwenye shule ya kata. Ila inatosha kumzuia mtu asimwambie kijana "ni misuli tu" kwa sababu mtu mzima aliyepita asubuhi ilikuwa misuli.

Picha

Eksirei ya kawaida hukosa nyufa nyingi zilizo changa, kwa hiyo "mifupa iko sawa" ya kwanza haikumaanisha alichodhani baba. Kuna wanaoagiza eksirei za mshazari. Zinaongeza mionzi na mara nyingi haziongezi jibu. CT, eksirei ya kompyuta, inauona ufa vizuri sana, lakini nayo ni mionzi kiunoni kwa mtoto wa miaka 16. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, haina mionzi na ina faida nyingine: inaonyesha mfupa uliovimba kwa ndani hata kabla haujapasuka. Sharti lake ni kumwandikia anayepiga picha unatafuta nini. Ukiandika "maumivu ya mgongo" tu, utaletewa maelezo marefu ya diski na daraja halitatajwa.

Daktari wa mifupa tuliyemshirikisha aliandika vizuri. Fedha zikatafutwa, yaani mpunga wa akiba uliokuwa unasubiri bei ipande ukauzwa kabla bei haijapanda, na hilo nililisikia baadaye kutoka kwa mama kwenye simu. Majibu: pingili ya tano, upande wa kushoto, mfupa umevimba na ufa umeingia bila kufika ng'ambo. Kulia pazima. Pingili haijateleza mbele juu ya ile iliyo chini yake, jambo ambalo hutokea pale daraja zote mbili zinapokatika.

Hizo zilikuwa habari njema na nilizitangaza hivyo. Uchambuzi wa mwaka 2009 uliokusanya tafiti nyingi za vijana waliotibiwa bila upasuaji ulikuta takriban asilimia 84 wakiendelea vizuri baada ya mwaka au zaidi. Kuungana kwa mfupa wenyewe ni habari nyingine: ufa wa upande mmoja uliungana kwa asilimia 71, wa pande zote mbili 18, na ule uliokwisha kuwa sugu haukuungana. Ukizisoma namba hizo pamoja unaona kwamba wengi hupona maumivu na kucheza hata mfupa usipoungana. Lakini kijana mwenye ufa mchanga wa upande mmoja ana nafasi ya kuupata mfupa wake wote, na nafasi hiyo inapungua kila wiki anayochomwa sindano ili arushe.

Mkanda, mwalimu na mkuki wa bomba

Baba alikuwa ameshanunua mkanda wa mgongo pale Mwanjelwa. Aliutoa kwenye mfuko kwa fahari. Uchambuzi ule wa 2009 haukuona mkanda ukibadilisha matokeo. Kinachotibu ni kuacha mchezo. Nilimwambia kijana auvae shuleni akitaka, kwa sababu mwenye mkanda haambiwi abebe madawati.

Mwalimu wa michezo nilimpigia simu. Ni mwalimu wa hesabu, michezo kapewa kama nyongeza, na ana moyo. "Wiki mbili zinatosha?" Nikamwambia miezi mitatu bila kurusha, kisha miezi miwili ya kurudi taratibu. Akanyamaza. Mashindano ya mkoa yalikuwa yamebaki wiki chache na kijana huyo ndiye aliyekuwa na uhakika wa kupita. Nikamwomba anitumie picha ya mkuki wanaotumia. Ulikuwa bomba la chuma lililochongwa ncha na fundi wa kuchomelea. Tulimwomba aupime kwenye mizani ya duka la mchele: kilo 1 na gramu 300. Mkuki wa wanaume watu wazima una gramu 800, na wa wavulana walio chini ya miaka 18 una 700. Mtoto alikuwa anarusha karibu mara mbili ya uzito wa umri wake, kila jioni, "mpaka giza liingie", bila mtu kuhesabu.

Diklofenaki ilikoma. Nikamwambia maumivu ndiyo kipimo chetu pekee cha kila siku, tukikizima tunaendesha gari usiku bila taa. Chakula tuliongea kwa dakika mbili: dagaa, maziwa, maharage, na ashibe. Angekuwa msichana ningeuliza pia kuhusu hedhi, maana binti anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo hupoteza hedhi na mifupa yake hupoteza nguvu.

Mazoezi yalianza siku hiyo hiyo, kwa sababu kupumzika hakukuwa na maana ya kulala kitandani. Tulianza kunyoosha misuli ya nyuma ya mapaja na ile ya mbele ya nyonga, kisha kifua kizunguke bila kiuno kufuata. Nyonga na kifua vikigoma kuzunguka, kiuno ndicho kinachozungushwa badala yao. Kulikuwa na zoezi la kulala chali mikono na miguu juu, kushusha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili huku mgongo ukibaki umegusa mkeka. Wadogo zake waliliita "mende aliyepuliziwa dawa". Alilifanya kila jioni kwa wiki sita, na kila jioni walikuja kumcheka.

Nilichosahau kuuliza

Wiki ya sita alijipinda nyuma bila maumivu. Nikaandika kwenye faili neno "vizuri" na kulipigia mstari. Wiki ya nane alirudi anashika kiuno kwa kidole gumba, pale pale.

Umerusha? Hapana. Umecheza mpira? Hapana. Umebeba magunia? Baba akaingilia: "Mimi mwenyewe nimemkataza, hata ndoo habebi." Walikuwa wanasema kweli wote wawili. Nikamwambia anisimulie siku yake, saa kwa saa, na nikajifunza kwamba shule zilikuwa zimefungwa na familia ilikuwa na jaruba moja lililochelewa, limebaki peke yake na mpunga ulioiva wakati majirani wameshavuna. Kwelea kwelea wa eneo lote walikuwa wanashukia hapo. Kijana aliyekatazwa kazi nzito akapewa iliyoonekana nyepesi: kuamia ndege. Alikuwa na kombeo. Kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka ndege walale, siku tisa, anazungusha, anajipinda, mguu wa kushoto unakita, jiwe linakwenda.

"Ulisema nisirushe mkuki," alisema. Hakuwa anajitetea. Alikuwa ametii neno kwa neno.

Kosa hilo ni langu. Nilikataza kifaa badala ya kukataza mwendo. Mtu aliyekulia mjini, kama mimi, anauliza kuhusu mpira, jembe na mizigo, na orodha yake inaishia hapo. Sasa huwa namwambia mgonjwa anitajie kila kitu anachokifanya mkono ukiwa juu ya bega, na nimesikia mengi: kuangua parachichi kwa mti mrefu, kutandika nyasi juu ya banda, kupiga kengele ya kanisa.

Hatukurudia MRI. Maumivu yalikuwa mepesi kuliko mwanzo, miguu ilikuwa na nguvu, na picha isingebadilisha mpango. Tulirudisha saa nyuma wiki nne. Ndege waliachiwa mdogo wake na debe la kupiga. Kama miezi sita ingepita maumivu hayajabadilika, ningemrudisha kwa daktari wa mifupa kuzungumzia upasuaji wa kuufunga ufa kwa skrubu, lakini wanaofika huko ni wachache.

Kurudi

Mashindano ya Juni yalipita bila yeye. Mwalimu alinitumia matokeo bila maneno, namba tupu, nami nikaelewa kuwa mshindi alirusha karibu kuliko alivyozoea kurusha kijana wetu.

Septemba alianza na mpira wa tenisi, akiwa amepiga magoti. Kisha akasimama. Kisha hatua tatu, zile zile za siku ya ufagio. Mwalimu alipata mkuki wa mwanzi, mwepesi, na daftari la kuhesabia mirusho: 15 kwa siku, siku mbili kwa wiki, inaongezwa tu ikiwa kesho yake asubuhi kiuno kiko kimya. Mwalimu wa hesabu hakupata shida na hilo. Alichora hadi grafu. Mwishoni mwa Oktoba kijana alikimbia umbali wote na kurusha kwa nguvu zote, mara tano, na jioni akanipigia kuniambia hakuna kitu. Nikamwambia anipigie kesho. Kesho hakukuwa na kitu.

Februari iliyofuata baba alinipigia saa moja asubuhi. Safari hii hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. Kijana amepandikiza siku mbili mfululizo na sasa analalamika mgongo. Walikuwa tayari wako kituoni wanasubiri basi. Nikaomba kuongea naye. Unauma wapi? Pande zote mbili. Nikamwambia ashike panapouma, kisha nikamuuliza baba ameshika kwa nini.

"Kwa viganja. Anazungusha."

Akiinama au akijipinda nyuma? Akiinama. Akijipinda nyuma anasikia raha. Nikawaambia wasipande basi, ni uchovu wa misuli, alale usiku mmoja.

"Kwa hiyo keshokutwa naweza kumrudisha majarubani?"

Nikamwambia amrudishe.